Nyota nne kwa hawa mawakili wa lisi, ya tano nimewanyima juu ya invoisi

Najua wengi mnakuja hapa kutafuta jibu moja tu, kwa hivyo wacha nianze nalo: ndio, hawa watu wanaijua kazi ya kuongeza miaka ya lisi, yaani ule muda serikali imekukodishia ardhi, na ndio, unaweza kwenda kuuliza maswali yako tu ukarudi nyumbani bila kuwapa kesi. Kuonana na wakili ni 5,000, unalipa na M-Pesa pale mapokezi, risiti unapewa papo hapo, na ukiamua wakufanyie kazi hiyo pesa inakatwa kwa bili. Kitu cha kwanza yule kijana wa mapokezi atakuuliza ni kama umekuja kwa lisi ya ardhi ama ni mkataba wa nyumba ya kupanga, juu kumbe nusu ya watu wanaopiga simu shida yao ni landilodi kuongeza kodi, na hiyo ni kesi nyingine kabisa, ofisi nyingine kabisa.

Yetu ni ya ardhi. Wazazi walinunua nyumba Ngara, hapa Nairobi, miaka ya themanini, zile nyumba za mawe za zamani zenye veranda mbele na sevanti kwota nyuma, na hatimiliki inasema lisi ya miaka 99 kuanzia 1932. Piga hesabu mwenyewe uone ni mwaka gani. Mzee alishatangulia, amebaki mathe, na pale mtaani kila mtu ana stori yake, huyu anasema serikali inakuja kuchukua ploti zote, yule anasema ni yako milele bora unalipa kila mwaka, mwingine ana mtu wake pale Ardhi House, kwa ofisi za Wizara ya Ardhi, wa kukumalizia kila kitu haraka haraka. Huyo mtu wake, broka, alitupigia. Alitaka laki tatu na nusu, alitaka tumwachie hatimiliki yenyewe, na kitu cha kwanza kwa orodha yake ilikuwa ati lazima tuanze na kesi ya urithi kortini juu mzee hayuko.

Sasa nyota mbili za kwanza ni za hapo. Wakili ni dada wa umri wa kadiri, hana maneno mengi, alichukua hatimiliki akaruka kurasa za mbele akaenda moja kwa moja huko nyuma kwenye wanaandikanga mauzo, akaweka kidole chini ya muhuri wa zamani wa samawati ambao umeanza kufifia, akasoma polepole halafu akamwangalia mathe.

"Mama, hii nyumba mlinunua na mzee pamoja?"

"Pamoja. Nusu ya depoziti ilikuwa ya chama changu."

"Basi wakili wenu wa wakati huo aliwafanyia kazi safi. Hapa mmeandikwa wawili kwa umiliki wa pamoja, hakuna mgao wa huyu na wa yule. Mmoja akienda, inabaki ya mwenzake. Hamna kitu mnaenda kutafuta kortini."

Kinachotakiwa ni kupeleka cheti cha kifo kwa msajili wa ardhi, jina la mzee linatolewa, basi, sheria ya usajili wa ardhi ya 2012 iko wazi kwa hilo. Ingekuwa mzee ameandikwa peke yake, ama wameandikwa wawili lakini kila mmoja na sehemu yake, hapo ndio urithi haungeepukika, na mwenye ashapitia urithi anajua, juu hata korti ikishakupa barua za kusimamia mali kwa kawaida unakaa miezi sita kabla zithibitishwe, na hiyo ni kama hakuna binamu ametokea kutoka huko mashambani na madai. Wakili mwenye njaa angetupitisha hiyo njia yote na tungemlipa tukimshukuru.

Maswali mengine nilikuwa nimeyaandika kwa simu, na majibu nayaweka hapa juu nilitafuta sana mtu ameandika kwa lugha ya kueleweka nikakosa.

Hili la serikali kuchukua. Lisi ikiisha ardhi inarudi kwa serikali, hiyo si porojo. Lakini kifungu cha 13 cha sheria ya ardhi ya 2012 kinasema mwenye alikuwa nayo ndiye anafaa kupewa nafasi ya kwanza, bora awe raia wa Kenya na bora hiyo ardhi isiwe inahitajika na serikali kuu au kaunti kwa matumizi ya umma. Wakili alisisitiza kwamba nafasi ya kwanza si ahadi, kama kuna barabara imechorwa ipite kwa ploti yako ama ua wako ulishaingia kwa rodi rizavu, ile ardhi imeachiwa barabara, ni heri ujue mapema, na ndio maana yeye hafungui faili ya mtu kabla hajafanya sachi, yaani kukagua rekodi za ploti kwa msajili, na kuangalia ramani. Kuna wenye wanakufungulia faili kwanza wachukue depoziti halafu sachi ndio inafuata.

Halafu hii ilimchekesha mathe. Tume ya Kitaifa ya Ardhi ndio inafaa ikuandikie, ndani ya miaka mitano kabla lisi iishe, ikutumie barua ya rejista ikwambie tarehe ya kuisha na hiyo haki yako ya kwanza. Barua ya rejista! Anwani iliyo kwa hatimiliki yetu ni sanduku la posta la kampuni ambayo mzee aliacha kazi mimi nikiwa praimari, hata hiyo kampuni sijui kama bado iko. Nyumba ngapi Nairobi ziko hivyo? Kwa hivyo kama unangoja Tume ikukumbushe, endelea kungoja. Soma tarehe kwa hatimiliki yako mwenyewe, iko ukurasa wa kwanza, imeandikwa muda na siku unaanza kuhesabiwa.

Kuongeza na kufanya upya watu wanachanganya, na kanuni za 2017 zinazitenganisha. Kuongeza ni ukiomba wakati lisi bado inatembea. Kufanya upya ni wakati imeshaisha na ardhi kwa karatasi imerudi serikalini, wewe bado umekaa ndani na mapazia yako lakini huwezi kuuza na hakuna benki itaikubali kama dhamana mpaka mambo yaishe. Hata kabla iishe shida huwa imeanza, juu benki inaangalia miaka iliyobaki dhidi ya miaka ya mkopo, na mnunuzi mwenye akili naye anaangalia hiyo hiyo ndio anakushusha bei. Wakili alisema wengi wanakuja kwake si juu wameogopa serikali, ni juu benki imewakataa.

Mathe aliuliza kama tutapewa 99 zingine. Usiihesabu. Inaweza kuwa hizo, inaweza kuwa 50, itategemea idhini itasema nini, na nyumba yenyewe imejengwa vipi na mtaa unaelekea wapi kimipango. Kwa mathe hiyo haikuwa shida, alisema hata wakimpa 50 yeye hatakuwepo kuzilalamikia. Kitu kilimgusa zaidi ni renti ya ardhi, ile pesa unalipa serikali kila mwaka, juu ukiongezewa lisi wanatathmini upya, na ile ya kwetu kwa hatimiliki imeandikwa pesa ambayo leo haitoshi hata pakiti chache za unga. Itapanda. Ngapi, hakuna mtu atakwambia mpaka watathmini wa serikali waandike, na mimi hapo niliwaheshimu hawa mawakili juu walikataa kukisia. Yule broka alikuwa ametupa hadi namba.

Na tafadhali, renti ya ardhi si reti. Renti unalipa serikali kuu, siku hizi ni kwa eCitizen, reti ni za kaunti, zile za City Hall. Kuna watu hapa mtaani wamelipa reti miaka yote bila kukosa wakidhani wamemaliza, kumbe ile ingine inalala ikizaa faini. Cheti cha kutodaiwa kinatakiwa cha pande zote mbili, na bila hivyo faili haisongi hata hatua moja. Vile vingine ni vya kawaida, kitambulisho, PIN ya KRA, sachi ya karibuni, nakala ya hatimiliki, na ripoti ya mpangaji wa miji aliyesajiliwa, huyo mnamlipa kivyake na wao watakupendekezea mmoja lakini hawakulazimishi.

Nani sasa ndiye anapeana hiyo miaka? Hapo dada aliweka kalamu chini. Tume na Wizara ya Ardhi wamevutana juu ya nani ana mamlaka gani tangu Tume ianze, mpaka Mahakama ya Juu ikaombwa ushauri na mwaka wa 2015 ikasema kusajili na kutoa hatimiliki ni kazi ya Wizara, Tume ina zake. Kwa wewe mwenye nyumba maana yake ni kwamba karatasi inapita kote kote, Tume, kaunti kwa watu wa mipango watoe maoni kama wana pingamizi, wapimaji wa serikali, watathmini, halafu irudi kwa Wizara kwa hatimiliki mpya. Sehemu yoyote hapo inaweza kulala. Unachomlipa wakili kusema ukweli ni kujua leo faili imelala kwa meza gani, na hawa wanajua, hilo siwanyimi.

Sehemu iliyonifungua macho ni masharti. Kwa hizo hatimiliki za zamani kuna ukurasa wa masharti maalum, umepigwa taipu, herufi zingine zimeruka juu ya mstari, na watu hawausomangi. Yetu inasema nyumba moja ya kuishi na makao ya wafanyakazi, biashara hapana. Ukiomba kuongezewa wataangalia kama umeyafuata, na kaunti inaweza kutuma mtu kuja kuona kwa macho. Sasa wewe unajua Ngara. Jirani yetu wa mbele amebomoa veranda ameweka vibanda vya nguo na spea za simu, wa pili ametoboa ukuta amepanga hosteli ya wanafunzi. Hao wote kwa karatasi wanaishi kwa nyumba moja ya familia! Wakili alisema hao wataambiwa washughulikie kubadilisha matumizi, ama kwanza ama pamoja na ombi la lisi, na hiyo ina ada zake, tangazo lake, na majirani wana haki ya kupinga. Alimuuliza mathe mara tatu kwa njia tofauti kama kuna kitu nyuma hajamwambia. Hakukuwa, ni kuku tu.

Niliulizia pia mzee bhai, Mhindi wa nyumba ya kona, ambaye watoto wake wote wako Leicester, Uingereza, na ana wasiwasi serikali itamwambia yeye si Mkenya. Hiyo nafasi ya kwanza ni ya raia, kwa hivyo wasiwasi wake si wa bure. Lakini katiba ya 2010 inakubali mtu aliyezaliwa raia awe na uraia wa nchi mbili, na aliyepoteza uraia wake kwa kuchukua pasipoti ya nje anaweza kuomba kuurudisha, basi watoto wenye watarithi waangalie hilo sasa, wasingoje siku ya mazishi. Asiye raia anaweza kumiliki kwa lisi tu isiyozidi miaka 99, na zile za 999 wageni walikuwa nazo zilikatwa na katiba hiyo hiyo.

Binamu yangu naye aliniomba niulizie ya fleti yake Kilimani. Hii wanunuzi wa fleti wasome vizuri. Ukinunua fleti kwa mpango wa zamani unachopata ni lisi ndogo iliyokatwa kutoka lisi kuu ya ploti, kwa kawaida pungufu siku kadhaa, kwa hivyo ile kubwa ikifika mwisho yako nayo imefika, haijalishi umeweka taili za aina gani. Huwezi kwenda kuongeza ya kwako peke yako hapo ghorofa ya sita. Kampuni ya usimamizi inayoshikilia ardhi ndio iombe kwa niaba ya wote, na hapo sasa ingia kwa ile grupu ya WhatsApp ya wenye fleti uone kama watu waliogombana mwaka mzima juu ya jenereta watakubaliana kuchanga pesa ya lisi. Sheria ya 2020 ya umiliki wa yuniti ilikuja kila mtu apate hatimiliki yake mwenyewe ya yuniti na inataka hizo lisi ndogo zigeuzwe, ni jambo zuri, lakini hiyo hatimiliki bado inabeba miaka ile ile imebaki kwa ardhi. Kubadilisha karatasi hakuongezi hata siku moja. Tangazo likisema lisi ya miaka 99 uliza inahesabiwa tangu lini.

Kazi yenyewe imeendaje? Jina la mzee lilitolewa bila drama. Kaunti ilishasema haina pingamizi. Kwenye tulikwama sana ni namba, juu ploti za zamani za jiji ziko na namba ya LR, zetu hizi zinaanza na 209, na Wizara inazihamisha zote ziwe na namba ya bloku ndio ziingie kwa Ardhisasa, ule mfumo wa ardhi wa mtandaoni ulizinduliwa 2021. Mpaka ploti yako ihamishwe na ithibitishwe, huko ndani ni kama haipo. Kijana wa mapokezi alikaa na mathe kumfungulia akaunti, akimwita "mama, nisomee hiyo namba imeingia kwa simu", mathe akisoma namba ya ujumbe mwingine kabisa wa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, wakaanza upya, na hakuwahi kukunja uso hata kidogo. Huyo kijana aongezwe mshahara. Sasa hivi faili iko kwa watathmini na tunangoja.

Mabaya nayo. Simu za wakili hazishikwi, utajibiwa kwa imeili jioni saa tatu, na jibu ni mstari mmoja. Mimi sina shida na hiyo lakini kama wewe ni mtu wa kutaka kuambiwa kila kitu kimefika wapi utateseka, na mathe kila siku ya kanisa ananiuliza mimi kana kwamba ndio nimeikalia faili.

Kubwa zaidi ni invoisi. Makubaliano ya mwanzo yalikuwa safi, ada ya wakili hapa, ya mpangaji wa miji hapa, ada za serikali kivyake na utalipa mwenyewe moja kwa moja, nikafurahi. Halafu invoisi ya pili ikaja na mstari umeandikwa gharama zinginezo, 18,000, basi, hakuna maelezo. Nikauliza. Kimya. Nikauliza tena, ikaja orodha, fotokopi, teksi, kuthibitisha nakala, na hapo chini 9,000 ya uwezeshaji. Nikaandika kwa upole, uwezeshaji wa nani? Hakuna mtu alinijibu hilo swali, ila asubuhi yake ikaja invoisi mpya bila huo mstari. Sasa mimi sijui kama ilikuwa ya chai ya mtu huko maofisini ama ni mhasibu wao alikuwa anajaribu bahati, lakini ofisi ambayo wakili alituambia siku ya kwanza usilipe mtu yeyote bila risiti haifai kuniletea hiyo. Nyota ya tano ilienda hapo. Mwenye hajauliza ameilipa.

Bado ningewarudia, na nimeshampeleka bhai wa kona. Hawakushika hatimiliki yetu, walifanya nakala mbele yetu wakamrudishia mathe akaiweka kwa ule mfuko wake wa plastiki, wakasema itahitajika ile yenyewe wakati wa kusalimisha ya zamani kupewa mpya na hiyo siku tutaibeba sisi wenyewe. Na kabla ya yote nilitafuta jina la wakili kwa tovuti ya LSK, chama cha mawakili, nikaona leseni yake ya mwaka huu iko, hiyo ni bure na haimalizi hata bando, fanya hivyo kwa wakili yeyote.

Mkienda na wazee, lifti inafanya kazi lakini ukitoka kuna ngazi chache kabla ya mlango, na chini hakuna pakingi ya wageni, utatafuta barabarani. Jumamosi wanafungua mpaka saa sita lakini wakili mwenyewe huwa hayuko, kwa hivyo kama ni maswali ya sheria nenda katikati ya wiki asubuhi, na ubebe hatimiliki yenyewe, si picha kwa simu, juu hizo kurasa za nyuma kwa picha hazisomeki.